Mtihani wa nyumbani mbele ya kamera, ukiwa na mipangilio maalumu: matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

Mwongozo huu unamhusu mtahiniwa anayefanya mtihani wa kimataifa akiwa nyumbani kwake, kama GRE, mtihani wa kujiunga na masomo ya uzamili unaotolewa na shirika la ETS la Marekani, au mitihani ya vyeti vya AWS (huduma za kompyuta za Amazon) na Microsoft inayoendeshwa na kampuni ya Pearson VUE kupitia mfumo wake wa mtandaoni, OnVUE, huku msimamizi aliye mbali akimwangalia kwa kamera. Unamhusu hasa yule aliyeomba, au anayekusudia kuomba, mipangilio maalumu: muda wa nyongeza, mapumziko, maandishi makubwa, kifaa cha tiba mezani na mengine ya namna hiyo, mambo ambayo waombaji wengi wamezoea kuyaita akomodesheni. Aliyesoma Tanzania hana ugeni na jambo lenyewe. NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini kule shuleni taarifa zako zilipelekwa na mkuu wa shule, na msimamizi aliyepita kati ya madawati alikuona kwa macho yake. Huku mtandaoni msimamizi hakufahamu kabisa. Mbele yake kuna vitu viwili tu, yaani picha inayotoka kwenye kamera yako na maelezo mafupi yaliyoambatishwa kwenye miadi yako. Kisichoandikwa humo, kwake hakipo, na karibu kila tatizo nitakalolieleza hapa linaanzia hapo.

Mtihani umefunguka na saa inaonyesha muda wa kawaida

Hili ndilo linaloumiza watu zaidi, ilhali ni rahisi kulizuia. Mtahiniwa ana barua pepe inayosema amekubaliwa muda wa nyongeza, ameketi, mtihani unafunguka, na saa ya pembeni inahesabu dakika zile zile za kila mtu. Anamwandikia msimamizi katika sehemu ya kuchati, naye anajibiwa kwamba msimamizi hana uwezo wa kubadili muda. Jibu hilo ni la kweli, kwa sababu muda ulikwisha kufungwa ndani ya mtihani tangu siku miadi ilipowekwa.

Chanzo kikubwa ni hatua kupishana. Nyongeza huambatishwa kwenye miadi wakati miadi inapowekwa, kwa hiyo aliyeweka miadi kwanza akaomba baadaye anaweza kukubaliwa vizuri kabisa, na bado akakuta miadi yake ya zamani haikuguswa. Mfano mzuri ni AWS, ambayo hutoa dakika 30 za ziada kwa mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza. Mzungumzaji wa Kiswahili anastahili dakika hizo hata kama hana ulemavu wowote. Ombi hufanywa mara moja katika akaunti ya vyeti na hutumika kwa mitihani yote itakayofuata, lakini halirudi nyuma kwenye miadi iliyokwisha kuwekwa. Microsoft nayo humruhusu mtahiniwa kuomba dakika 30 pale mtihani usipokuwepo katika lugha yake. Wengi ninaowafahamu hawajawahi kuomba dakika hizi, baadhi kwa kutojua na baadhi kwa kuona haya, kana kwamba kuomba ni kukiri kuwa Kiingereza kimewashinda. Sioni haya iko wapi, kwa kuwa mtihani wenyewe haupimi Kiingereza.

Chanzo cha pili ni akaunti mbili. Mtu alijiandikisha zamani kwa barua pepe ya chuo, akasahau, akajiandikisha tena kwa barua pepe yake binafsi. Ruhusa imekaa kwenye akaunti moja na miadi imewekwa kwenye nyingine, na hakuna anayeziunganisha usipoomba ziunganishwe.

Tiba ni kulinganisha namba kabla ya kulipa, na kuzilinganisha tena kwenye barua pepe ya uthibitisho. Mtihani wa Cloud Practitioner wa AWS ni wa dakika 90, hivyo mwenye nyongeza anapaswa kuona 120. Mitihani mingi ya ngazi ya Associate ni ya dakika 130, naye aone 160. GRE, tangu ilipofupishwa mwezi Septemba 2023, huchukua saa 1 na dakika 58 katika sehemu tano: insha dakika 30, sehemu mbili za lugha dakika 18 na 23, na sehemu mbili za hesabu dakika 21 na 26. Mwenye nyongeza ya asilimia 50 anapata jumla ya saa 2 na dakika 57, lakini nyongeza hiyo imegawanywa kwa kila sehemu, na dakika alizobakiza kwenye insha hazihamii kwenye hesabu. Kwa kuwa insha ndiyo inayotangulia, namba ya kwanza anayopaswa kuiona ni 45. Ukiona 30, usianze kuandika. Mwite msimamizi papo hapo, mweleze kwamba muda ulioidhinishwa haupo, na omba namba ya tukio.

Je, uendelee au usimame? Mimi ningesimama, mradi msimamizi ameandika kwenye mazungumzo kwamba amelipokea tatizo na amelipeleka mbele. Anayeendelea hadi mwisho kwa muda mfupi huishia na alama ambazo ni vigumu baadaye kuomba zifutwe kwa hoja ya muda, kwani ataulizwa mbona alimaliza. Namba ya tukio uishike kichwani, maana karatasi huna, na kile kibao cheupe unachoruhusiwa kuandikia kwenye GRE utatakiwa kukifuta mbele ya kamera kabla ya kuondoka.

Ombi limerudishwa, au limekubaliwa nusu

Waendesha mitihani wa Marekani wanafungwa na Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu (ADA) ya mwaka 1990, ambayo kifungu chake cha 309 kinahusu mitihani ya leseni, ya vyeti na ya kujiunga na vyuo. Kanuni zake zinawataka waupe uzito mkubwa ushahidi wa mipangilio ambayo mtahiniwa alikwisha kupewa katika mitihani inayofanana. Kwa hiyo barua ya shule au ya chuo inayothibitisha kwamba uliongezewa muda ni hati yenye thamani, na aliyemaliza kidato cha sita miaka kumi iliyopita afanye safari ya kuifuata.

Hata hivyo barua hiyo inaweza kukugeuka. Dakika 10 kwa saa ni kama asilimia 17, na dakika 20 kwa saa ni asilimia 33. Ukiomba asilimia 50 ukaambatisha ushahidi huo peke yake, mkaguzi ana haki ya kuuliza kilichobadilika. Jibu halimo kwenye barua ya shule, linapaswa kuwa kwenye ripoti ya daktari, na hapo ndipo maombi mengi ya kwetu yanapokwama. Madaktari wetu wamezoea kuandika jina la ugonjwa na kipimo kisha kugonga muhuri. Sentensi kama "mgonjwa ana uoni hafifu, 6/36 macho yote mawili" haimwambii mkaguzi mtu huyu atafanya nini mbele ya skrini. Mwombe daktari aongeze maelezo ya utendaji: kwamba husoma herufi za pointi 18 akiwa umbali wa sentimita 15, kwamba hupoteza mstari na kurudia, kwamba macho huchoka baada ya dakika kadhaa za kusoma mfululizo na huhitaji kupumzishwa, na kwamba kwa sababu hizo nyongeza ya kiwango fulani ndiyo inayomfaa. Hati iliyo kwa Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza. ETS huhitaji takriban wiki nne hadi sita kupitia ombi lililokamilika, na ombi lililorudishwa kwa kukosa ukurasa mmoja ni kama lililoanza upya, hivyo anayefukuza tarehe ya mwisho ya chuo ahesabu miezi mitatu nyuma.

Kukubaliwa nusu ni jambo jingine. Ruhusa hutolewa kwa kitu kimoja kimoja. Aliyekubaliwa muda hajakubaliwa lenzi ya mkononi, na aliyekubaliwa mapumziko hajakubaliwa kula ndani ya chumba. Soma barua ya majibu neno kwa neno ukiwa na orodha yako pembeni. Pearson VUE ina orodha ya vitu visivyohitaji idhini ya awali, kama miwani, vifaa vya kusaidia kusikia, kivuta pumzi cha mwenye pumu na pampu ya insulini, ambavyo hukaguliwa kwa macho tu, kisichokuwemo huombwa. Tena, baadhi ya mipangilio haipatikani kwa mtihani wa nyumbani, hasa ile inayohitaji mtu mwingine awepo, kwa mfano msomaji au mwandishi. Ukipewa jibu la namna hiyo, uamuzi wa kwenda kituoni si kushindwa.

Kisoma skrini kinanyamaza, kikuzaji kinazimika

Programu ya mtihani hufunga kila kitu kingine kwenye kompyuta. Kwa mtazamo wake visoma skrini kama JAWS na NVDA, kikuzaji cha ZoomText na hata kile kikuzaji kilichomo ndani ya Windows ni jamii moja na AnyDesk na TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta ukiwa mbali, kwa sababu zote husoma au hubadilisha kilichopo kwenye skrini. Dalili zake ni tatu: programu ya mtihani inakataa kuanza na kukuonyesha orodha ya vitu vya kufunga, inaanza lakini skrini inabaki nyeusi, au inaanza vizuri, na sauti iliyokuwa ikikusomea inakatika pale swali la kwanza linapotokea.

Watu hudanganywa na kile kipimo cha mfumo wanachoagizwa wakifanye siku chache kabla. Kipimo kile hupima kamera, maikrofoni na intaneti. Hakipimi kisoma skrini chako. Uliza kwa maandishi, na mapema, ni kisoma skrini kipi na toleo lipi linalokubalika, kisha uombe mtihani wa majaribio unaofunguka kwa programu ile ile ya siku yenyewe. Kompyuta ya ofisini iepuke, kwa kuwa VPN na antivirasi ya mwajiri huzuia mambo ambayo wewe huna nywila ya kuyafungua. Tableti, simu na Chromebook havikubaliki kwa GRE ya nyumbani.

Mwenye uoni hafifu ambaye hahitaji kusomewa ana njia rahisi kuliko programu yoyote, nayo ni kupata skrini kubwa. Skrini moja ya inchi 24 au 27, huku ya laptopu ikiwa imezimwa kabisa, pamoja na kuongeza ukubwa wa maandishi katika mipangilio ya Windows kabla ya kuanza, hutosha kwa wengi. Sharti ni kwamba skrini iwe moja.

Msimamizi anakukatiza kila baada ya dakika chache

Mimi nina uoni hafifu unaotokana na ualbino. Nasoma nikiwa umbali wa shubiri moja kutoka kwenye skrini, na macho yangu huchezacheza yenyewe. Katika mtihani wangu wa kwanza wa namna hii nilitumia kamera ya laptopu, ile iliyo juu ya skrini, na kwa umbali ule msimamizi aliona paji la uso na nywele tu. Dirisha dogo likafunguka likiniamuru nirudi nyuma ili uso uonekane. Nikarudi. Swali likapotea machoni. Nikasogea kusoma, dirisha likafunguka tena, na safari hii ilibidi nisogee zaidi ili niweze kusoma maandishi yanayoniambia nisisogee. Tulicheza mchezo huo mara nne katika sehemu moja ya mtihani. Ruhusa yangu ya muda ilikuwepo kwenye rekodi, lakini kuhusu umbali wa kichwa na mwendo wa macho haikuandikwa hata herufi moja, kwa sababu sikuomba. Sikujua kwamba jambo hilo nalo huombwa.

Kwa hiyo tiba iko sehemu mbili. Ya kwanza ni kuitenganisha kamera na skrini, ikiwa mwendesha mtihani anaruhusu kamera ya nje. Iweke kwenye stendi pembeni kidogo, mbali kiasi cha kuonyesha kichwa, mabega na mikono hata unapoinama. Ya pili ni kuomba tabia yenyewe iandikwe. Hili linawahusu wengi zaidi ya wenye uoni hafifu. OnVUE inakataza kusoma kwa sauti, kunong'ona na kutoka ndani ya picha. Mwenye disleksia (ugumu wa kusoma) anayeelewa kwa kujisomea kwa midomo, mwenye tiki, yaani mishtuko ya mwili au sauti zinazomtoka bila hiari, anayetikisika ili atulie, na asiyeona ambaye macho yake hayaelekei kwenye skrini kabisa, wote hawa wanafanana na mdanganyifu machoni pa mtu anayetazama kisanduku kidogo cha picha, au machoni pa programu inayohesabu mara ngapi kichwa kimegeuka. Katika ombi lako andika sentensi inayoeleza kitakachoonekana: kwamba mtahiniwa atasogea hadi sentimita 15 kutoka kwenye skrini na macho yake yatachezacheza bila hiari. Jina la ugonjwa peke yake halimsaidii msimamizi ambaye hajawahi kulisikia.

Ukikatizwa hata baada ya hayo yote, jibu kwa sentensi moja ya Kiingereza uliyoizoea tangu nyumbani, inayosema kwamba jambo hilo limeidhinishwa na limo kwenye rekodi ya miadi, kisha umwombe aisome. Usianze kueleza historia ya maradhi yako, kwa sababu saa inaendelea kuhesabu.

Kamera haiutambui uso, au kitambulisho kinakataliwa

Programu nyingi za kutambua nyuso huwashindwa watu weusi kwenye mwanga hafifu. Mwaka 2020, mitihani ya uwakili ya majimbo kadhaa ya Marekani ilipohamia mtandaoni, watahiniwa weusi walilalamika kwamba mfumo uliwaambia mwanga hautoshi wakiwa kwenye chumba chenye mwanga wa kutosha. Ushauri wa kawaida ni kuweka taa mbele ya uso na kutoketi dirisha likiwa nyuma yako. Kwa wengi unatosha. Lakini kwa mwenye ualbino, na kwa mwenye kipandauso, taa ya usoni kwa saa tatu ni adhabu. Ielekeze taa kwenye ukuta mweupe ulio mbele yako ili mwanga unaorudi ndio ukumulike, na fanya jaribio usiku na mchana, kwani chumba kile kile hubadilika.

ETS inataka masikio yaonekane muda wote, hata kwa anayevaa kilemba au hijabu kwa sababu za dini, na vipokea sauti vya masikioni haviruhusiwi. Mwanamke ambaye hilo linampa shida aulize kabla ya kuweka miadi kuhusu ukaguzi wa msimamizi wa kike. Asisubiri kubishana mbele ya kamera. Kuhusu kitambulisho, paspoti ndiyo salama zaidi. Majina yafanane na yale ya akaunti kwa idadi na kwa tahajia, na jina lililo kwenye barua ya daktari liwe hilo hilo, maana hapo ndipo Mwanaidi anapogeuka Mwana Idi na ombi likasimama.

Kifaa cha tiba kimezua maswali

Kipimo cha sukari kinachobandikwa mkononi ni halali kwenye mwili, ila matokeo yake huenda kwenye simu, na simu haitakiwi iwe karibu na mkono wako. Watu huipitia hii bila kuiona hadi dakika ya kuingia. Tumia kisomaji chake cha pekee kisicho simu na ukiombee idhini, au omba idhini ya simu yenyewe ukieleza kwamba itakaa kifudifudi mahali kamera inapoiona. Maji, dawa na vidonge vya glukosi viombwe kwa majina yake. Siku ya mtihani vitoe kwenye maboksi, vipange mezani na vionyeshe wakati wa ukaguzi wa chumba kabla hujaulizwa.

Mapumziko yamekula muda wa mtihani

Kuna mapumziko yanayosimamisha saa na yasiyosimamisha. GRE ya sasa haina mapumziko yaliyopangwa, na anayeondoka bila idhini anaiacha saa ikiendelea. Barua yako iseme wazi ni aina ipi uliyopewa, ni mara ngapi, na kila moja ni ya dakika ngapi. Mama anayenyonyesha anaweza kuomba mapumziko ya kukamua maziwa, na mwenye tatizo la kibofu au la tumbo aombe yasiyo na ratiba. Kumbuka kwamba ukirudi unakaguliwa upya, chumba kinazungushiwa kamera upya, na pengine aliyekuwa akikusimamia amebadilishwa na mtu ambaye hajasoma maelezo yako. Ukipewa dakika 10, panga kurudi kitini baada ya sita.

Msimamizi anazungumza na mtahiniwa ni kiziwi

Usimamizi mara nyingi huanza kwa sauti. Ikiwa haikuandikwa kwamba mawasiliano yote yawe ya maandishi, kimya chako huonekana kama kutokuwepo, na miadi inaweza kufungwa. Omba maandishi pekee tangu hatua ya kuingia. Mkalimani wa lugha ya alama akikaa chumbani bila idhini ni mtu wa pili chumbani, na hilo linavunja mtihani papo hapo.

Miadi imepita, umeme umekatika, mlango umefunguliwa

Haya hayana mengi. Barua pepe ikisema 2:00 ya mchana ni saa nane, si saa mbili. Wapo waliofungua kompyuta muda wa saa sita nzima kabla ya wakati, na wapo waliozinduka muda kama huo baada yake. Hakikisha ukanda wa saa ni wa mahali ulipo siku hiyo, kwa kuwa Dar es Salaam na Nairobi zimeitangulia Kigali, Bujumbura na Goma kwa saa moja, nayo Muscat imezitangulia zote. Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi ukaandikiana na watu wa huduma walioko New York, tofauti ni saa saba au nane kutegemea kama wao wamesogeza saa zao. Kuingia kwa OnVUE hufunguliwa dakika 30 kabla, na mwenye vifaa vya kukaguliwa aingie dakika ile ile ya kwanza.

Nyongeza ya muda huongeza pia muda wa kuharibikiwa. Betri ya laptopu inayomudu saa mbili haimudu saa tatu, na laini ya simu yenye bando la kutosha kwa wengine inaweza kukukatikia kwenye sehemu ya mwisho. Mwenye inveta au UPS aunganishe na ruta, si kompyuta peke yake. Jogoo, pikipiki na azana havijawahi kunifutia mtihani. Sauti ya mtu anayezungumza ndani ya nyumba, au mtoto anayefungua mlango, ni hatari ya kweli. Funga kwa ufunguo, na bandika karatasi nje inayowaomba watu wasipige hodi hadi saa fulani, ukihesabu muda wa nyongeza.

Kuhusu ule ukaguzi wa chumba, mwezi Agosti 2022 jaji wa shirikisho katika jimbo la Ohio aliamua kwamba Chuo Kikuu cha Jimbo cha Cleveland kilikiuka Katiba ya Marekani kwa kuchunguza chumba cha mwanafunzi Aaron Ogletree kwa kamera. Kile ni chuo cha umma. Hukumu hiyo haikupi wewe haki ya kukataa ukaguzi wa kampuni binafsi ambayo masharti yake uliyakubali wakati wa kujiandikisha, hivyo dawa na vyeti vya hospitali usivyotaka vionekane viondolewe chumbani kabla.

Mtihani umekwisha na alama zimezuiliwa

Alama zinaweza kusimamishwa kwa uchunguzi kwa sababu programu ilitilia shaka mienendo ya macho, midomo au kichwa. Jibu la kwanza ni nakala ya barua ya kuidhinishwa, ikiwa na kisehemu kinachotaja tabia hiyo. Kama uliomba muda tu, ambatisha ripoti ya daktari inayoeleza mwendo wa macho au wa mwili, na ueleze kwamba ndiyo hali iliyofanya upewe huo muda.

Kama mpangilio ulioidhinishwa haukutolewa, andika siku hiyo hiyo kabla hujalala. Taja namba ya miadi, namba ya tukio, saa tatizo lilipotokea kwa saa za mahali ulipo, kilichoidhinishwa, kilichotolewa, na unachokiomba, ambacho kwa kawaida ni kurudia mtihani bila malipo na bila kuhesabiwa kama jaribio lililopita. Barua ya aya tatu hufika mbali kuliko malalamiko ya kurasa tatu. Ipeleke kwa mwendeshaji wa mtihani na kwa mwenye mtihani pia, kwa kuwa ni ofisi mbili, na mara nyingi moja hungojea nyingine ichukue hatua. Likishindikana na mwendesha mtihani ni wa Marekani, Wizara ya Sheria ya nchi hiyo hupokea malalamiko ya ADA kupitia tovuti yake, na fomu yake inataka viambatisho vile vile ulivyokwisha kuvikusanya.